Hasira kwenye Mdomo wa Kisima

Asubuhi moja niliamka huko Mbooni, nikafunga patasi zangu kwenye gunia, nikashuka mlima kwa miguu bila kujua ninakokwenda. Kulikuwa na ukungu na njia ilikuwa inateleza. Nilipofika barabarani nilisimamisha bodaboda ya kwanza iliyopita. Kijana akaniuliza naenda wapi. Nikamuuliza, "Kwani wewe unaenda wapi?" Akasema Tawa. Nikapanda.

Nimeondoka hivyo mara nyingi maishani. Shule yenyewe niliiacha hivyo nikiwa darasa la sita: tingatinga la barabara lilipita nje ya dirisha, nikatoka kuona linavyogeuza kile kisu chake, nikalifuata. Niliporudi baada ya wiki tatu, kiti changu kilikuwa na mwenyewe mwingine. Sikujuta sana. Lakini kule kuondoka kwa Mbooni ninakujutia mpaka leo, na ndiko kunakonifanya niwaandikie ninyi vijana mnaoingia kazi ya kuchimba visima. Kunoa patasi mtafundishwa na wengine. Mimi nataka kuwaambia habari za mtu aliyekuwa ameshika winchi juu yangu kwa miaka minane.

Nimemwita Ndinda. Jina hilo amelichagua mwenyewe, kwa sababu nilimwomba ruhusa kabla ya kuandika. Alisema, "Andika. Lakini usiniandike kama mtu wa kuhurumiwa. Na makosa yako pia uyaweke, usiyafiche."

Basi nayaweka.

Siku hizi mashine ya kutoboa huja kwa lori, na kabla ya chakula cha jioni maji yamefikiwa. Sisi tulichimba kwa mikono. Mmoja anashuka na mtaimbo, nyundo na patasi, mwingine anabaki juu kwenye winchi, akivuta karai la udongo na kuteremsha vifaa. Tulianza na kutikisa hewa mbaya itoke: unafunga tawi lenye majani kwenye kamba, unalishusha na kulipandisha mara nyingi, ndipo mtu aingie. Ukifika futi arobaini, mbingu inabaki duara dogo kama sahani, na kila unachopumua, unachokunywa na unachotumaini kinapitia mikononi mwa yule aliye juu.

Aliyenifundisha ni Mzee Kilonzo, baba yake Ndinda. Alikuwa na sheria moja asiyoilegeza. Kila baada ya karai, aliye chini anaita, "Uko?" Aliye juu anajibu, "Niko." Usipojibiwa, unaweka nyundo chini na kupanda kwa vile vishimo vya miguu tulivyokata ukutani. Huulizi mara ya pili.

Mwezi wangu wa kwanza mimi ndiye niliyekuwa juu. Kando ya barabara kulikuwa na fundi amefungua redio, matumbo yote nje, na mimi mambo kama hayo hunivuta kama sukari inavyovuta siafu. Nikatia pini ya kuzuia winchi, nikaenda kutazama kidogo. Mzee Kilonzo akaita, hakujibiwa. Alipanda futi thelathini peke yake, akaja amejaa udongo mpaka kwenye nyusi, akachuchumaa kando yangu. Tukatazama pamoja mpaka redio ikaimba. Ndipo akasema, "Sasa umejua redio. Nenda nyumbani." Alinirudisha kazini baada ya wiki mbili, na sikuiacha winchi tena.

Alipougua na kufariki, Ndinda alishika nafasi yake juu, nami nikabaki chini. Alikuwa binti wa miaka ishirini na minne. Alikuwa na mikono yenye nguvu na masikio ambayo sijawahi kuyaona kwa mtu mwingine. Kwa mlio wa nyundo tu alijua mwamba umeanza kulainika. "Anko, piga kushoto," angeniambia kutoka juu, na kweli kushoto ndiko kulikokuwa na ufa. Aliniita anko ingawa hatukuwa na undugu wa damu.

Lakini alikuwa na hasira ambayo sikuielewa. Asubuhi angeniletea chai ya tangawizi na kusema, "Anko, dunia hii hakuna mtu kama wewe." Saa sita, kwa sababu nilicheka na mwenye shamba juu ya jambo asilolijua, ningekuwa mtu mbaya kuliko wote aliowahi kukutana nao.

"Mlikuwa mnanicheka."

"Tulikuwa tunaongea juu ya mbuzi wake."

"Usinidanganye. Wewe ni kama wengine tu. Ulinichukua kwa kazi juu ya huruma, sababu ya baba."

Angepiga ndoo teke, angetupa helmeti, angeniambia maneno ambayo siwezi kuyaandika hapa kwa sababu nimemwahidi sitayaweka. Baada ya saa moja analia. Jioni anauliza kwa sauti ndogo kama bado nitafanya kazi naye. Kesho yake chai ya tangawizi iko mezani.

Mama yake alimpeleka kanisani, waumini wakamwombea, na Ndinda mwenyewe aliomba kuliko wote. Majirani walisema amekosa adabu, kwamba Kilonzo alimlea kama mvulana. Mimi nilikubaliana na majirani, ila sikusema. Niliamini kwamba mtu huchukua hasira asubuhi anapotoka nyumbani kama anavyochukua jembe, na kwamba angeweza kuiacha nyuma ya mlango akitaka.

Na nilikuwa na dawa yangu. Nyumbani kwetu baba alikuwa mtu wa makelele, nikajifunza mapema kunyamaza na kutoka nje. Ndinda akiwaka, mimi nafunga mdomo na kutazama pembeni. Nilidhani ninamwagia moto maji.

"Sema kitu, anko," angeniambia. "Hata nitukane. Lakini sema."

Mimi kimya. Naye angezidi.

Siku ya mwisho pale Mbooni tulikuwa tunachimba kwa mwalimu mmoja mstaafu. Tulikuwa tumefika futi arobaini na tano. Nilikuwa nimepanda juu kwa chakula, tunakula isyo, mahindi na maharagwe, chini ya paa la ghala lake. Simu yangu ikalia. Ni watu wa Migwani, upande wa Kitui, wana kisima cha kusafishwa. Nikawaambia, "Hiyo ni kazi ndogo, naweza kuja peke yangu."

Ndinda aliweka sahani chini.

"Peke yako?"

"Ni siku mbili tu."

"Umetafuta wengine."

"Ndinda, kula chakula."

Alisimama, akaenda kwenye mdomo wa kisima, akainua ndoo ya patasi na nyundo kwa mikono miwili, akaiachilia ndani.

Hakuna aliyeumia, maana hakukuwa na mtu chini. Lakini nilisikia vile vyuma vikigonga ukuta, kimoja baada ya kingine, na kila mgongano niliusikia kichwani mwangu. Yeye pia alisikia. Alirudi nyuma.

"Singefanya hivyo ukiwa ndani," akasema. "Anko, unajua singefanya."

Sikumjibu. Mwalimu alishika winchi, nikashuka, nikaokota patasi zangu moja moja. Nilipotoka Ndinda alikuwa bado amesimama pale pale. Nikapita kando yake. Asubuhi yake ndiyo ile ya ukungu.

Kutoka Tawa nilipanda hiki na kile mpaka nikatokea Migwani, nikaanza kazi. Simu ikawa inalia bila kupumzika, sikushika. Ujumbe wa Ndinda ukaingia. Uko wapi. Nisamehe. Usirudi, mbwa wewe. Nimekupikia, chakula kinapoa. Niambie tu uko wapi. Nikaizima. Siku ya tatu niliiwasha, na aliyepiga alikuwa mama yake.

"Munyao," akasema, "Ndinda amejiumiza. Yuko hospitali. Madaktari wanasema atapona. Lakini kila akiamka anauliza kama uko hai."

Nilirudi siku hiyo hiyo.

Hospitalini kulikuwa na daktari wa afya ya akili, mama mmoja mtulivu mwenye viatu vya mpira. Ndinda alikubali nielezwe, kwa hivyo akanieleza. Alisema Ndinda ana kile ambacho kwa Kiswahili wanakiita tatizo la haiba ya mpakani, na kwamba si utovu wa adabu. Mimi mtu wa kuuliza nilimuuliza mpaka akavuta kiti akaketi. Alisema mtu kama huyo, akiona dalili ndogo tu kwamba anaachwa, mwili wake unaitikia kama wa mtu ambaye ameshaachwa. Hisia inampanda haraka kuliko yetu, inafika juu zaidi, na inachukua muda mrefu kushuka. Wengine hasira hiyo huitoa nje, kwa wale wanaowapenda zaidi. Lakini wengi huigeuzia miili yao wenyewe.

"Kuna tembe?" nikauliza.

"Tembe zinaweza kusaidia usingizi, au huzuni ikizidi. Kinachosaidia zaidi ni mazungumzo ya matibabu, kwa muda mrefu. Watu wengi hupata nafuu."

"Na ni hatari kwangu?"

Hakunificha. "Kutupa vyuma kwenye kisima ni hatari. Ugonjwa unaeleza jambo hilo, lakini hauruhusu. Lazima mwekeane mipaka, na yeye anaweza kuishika akisaidiwa." Kisha akaniuliza, "Na wewe, akikasirika hufanya nini?"

"Hunyamaza. Halafu huondoka."

Akaandika kitu kwenye faili yake.

Nilipoingia wodini Ndinda alitazama ukuta. Mkono wake wa kushoto ulikuwa na bendeji. Nilikaa. Nilijaribu kutafuta neno, na kwa mara ya kwanza nikagundua sikuwa nalo, kwamba kunyamaza kwangu hakukuwa subira. Yeye ndiye aliyeanza.

"Anko, ungekuwa chini futi arobaini, uite, na mimi ninyamaze siku tatu. Ungesema mimi ni mtu wa aina gani?"

Vijana, nimeangukiwa na jiwe begani na nimevuta hewa mbaya mpaka nikaona nyota. Hakuna kilichowahi kunipiga kama swali hilo. Mimi ambaye nisingevumilia dakika moja shimoni bila jibu, nilimwacha mwenzangu bila jibu na kujiona mpole.

"Ningesema umeniua," nikamwambia.

Akageuza uso. "Na ile ya patasi mimi nilikosa. Sitajitetea."

"Niliogopa, Ndinda. Bado naogopa."

"Hata mimi najiogopa," akasema. "Wewe unaweza kuondoka. Mimi naenda wapi?"

Tulipatana mambo machache pale kitandani, na daktari akatusaidia kuyaweka sawa. Akihisi inapanda, atasema kwa maneno: nimeshikwa. Ataangalia karai liko mahali salama, atatia pini, atatoka hatua nyingi mbali na kisima, na atarudi. Mimi sitapotea. Nikienda hata kununua soda, nitasema naenda wapi na narudi lini. Na kitu chochote kikitupwa karibu na mdomo wa kisima, kazi inakwisha siku hiyo, bila matusi na bila kumtoroka.

Msidhani tulitoka pale tukiwa wapya. Ilichukua miaka. Alikwenda kwenye matibabu kila baada ya wiki mbili, safari ndefu, na kuna miezi mtaalamu hakuwepo. Mara mbili nilikunja kamba saa nne asubuhi, nikamwambia, "Leo tumemaliza, kesho saa moja niko hapa," na kesho saa moja nikawa pale, hata kama yeye hakuja. Alivunja redio yangu mara moja. Aliipeleka kwa fundi mwenyewe, akakaa pale mpaka ikatengenezwa, akanirudishia bila kunitazama. Na mimi nilinyamaza tena mara nyingi, maana tabia ya miaka hamsini haitoki kama koti. Alijifunza kuniambia, "Anko, umeingia pango lako." Nami nikajifunza kujibu, "Nimeingia. Nipe dakika kumi nitoke."

Kitu kingine nilichojifunza ni kwamba ukimwambia mtu aliyewaka "tulia," unamwongezea kuni. Usibishane naye kama sababu yake ni ya kweli au si ya kweli wakati huo, maana maumivu ni ya kweli hata kama mimi nilikuwa naongea juu ya mbuzi. Mwambie unachokiona: "Naona umeumia." Usiahidi usichoweza, kwa sababu atakishika. Na mkono ukiinuliwa juu yako, toka. Sijawahi kusema mkae mpigwe. Lakini unapotoka, sema unatoka, na sema lini mtaongea.

Sasa niwaambie ya Migwani, maana huko ndiko nilikojua kama mapatano yetu yana uzito.

Ilikuwa mwaka wa tatu baada ya hospitali, tumerudi huko wawili kuchimba kisima kingine. Mwenye shamba alikuwa mzee mwenye fimbo na maoni mengi. Nilikuwa chini, futi hamsini hivi, na maji yalikuwa yameanza kutoka kwenye ufa, baridi, yakiingia viatuni. Sauti husafiri vizuri kisimani, nikamsikia akimwambia Ndinda, "Mwanamke akishika winchi maji hukimbia. Na wewe wanasema kichwa si kizuri. Kwani huyo mzee chini hajipendi?"

Nikaacha kupiga nyundo. Juu yangu lilining'inia karai lililojaa mawe, nusu ya njia.

Winchi ikasimama. Sikusikia chochote kwa muda, kisha ikaanza tena kuzunguka, polepole, karai likapanda mpaka likatoweka ukingoni. Nikasikia mawe yakimwagwa mbali. Kisha mlio wa pini ikiingia.

"Anko."

"Naam."

"Nimeshikwa." Sauti yake ilikuwa inatetemeka kama waya. "Karai liko juu, tupu. Nimetia pini. Naenda mpaka kwenye tangi la maji, halafu narudi."

"Sawa. Nakungoja hapa."

"Kwani utaenda wapi," akasema, na hatua zake zikaondoka.

Niliketi juu ya jiwe. Ningeweza kupanda kwa vishimo vya miguu. Magoti yangu wakati huo yalikuwa bado yananikubalia, na sheria ya Mzee Kilonzo ilikuwa wazi. Lakini nilijua kama nitachomoza kichwa pale juu atakaporudi, atasoma usoni mwangu kwamba sikumwamini, na atakuwa amesoma sawa. Maji yakafika kwenye vifundo. Nikaimba ubeti mmoja wa wimbo wa kanisani, nikasahau wa pili, nikaurudia wa kwanza. Mara kadhaa nilitaka kuita, nikajizuia, kwa sababu alikuwa ameshaniambia yuko wapi. Nilikuwa nimeogopa visima maisha yangu yote na sikuwahi kukaa ndani ya kimoja hivyo, nikingoja tu.

Sijui ilikuwa dakika ngapi.

"Niko," akasema kutoka juu, kabla sijauliza.

"Umerudi vizuri?"

"Nimenawa uso. Nimepiga lile tangi teke, lakini halijatoboka. Uliogopa?"

"Ndiyo."

"Hata mimi."

Kisha nikamsikia akimgeukia yule mzee, kwa sauti ya kawaida kabisa. "Mzee, maji yakitoka, utakunywa ama utauliza kwanza nani alishika winchi?" Jioni mzee alituletea asali kwenye kibuyu kidogo, akampa Ndinda, si mimi.

Leo Ndinda ana kikosi chake. Anashusha ringi za saruji za kuzuia kuta zisiporomoke, ana kifaa cha kupima hewa, tawi la majani amelistaafisha kabla yangu. Hasira bado humtembelea. Siku nyingine humshinda, na anapiga simu kwa daktari wake. Wafanyakazi wake wanajua maana ya neno "nimeshikwa," na nimeona mmoja wao, mwanamume mzima mwenye ndevu, akilitumia kwa ajili yake mwenyewe.

Magoti yangu yalikataa mwaka jana. Nilimwambia miezi miwili kabla: siku fulani nitahama, nitakwenda Emali. Nilichagua Emali kwa sababu sijawahi kuishi huko, na kwa sababu malori yanasimama na treni inapita, nami nataka kujua inabeba nini. Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema mimi ni kama wengine tu, kwamba alijua siku zote, na akaondoka. Wiki nzima hakuongea nami. Siku ya safari sikumwona.

Nilifika Emali alasiri. Niliuliza vyumba sokoni, nikaelekezwa kwa mama mmoja anayeitwa Zuhura, ambaye wazazi wake walitoka pwani, ana vyumba sita vimezunguka ua. Alinitazama miguu kabla ya uso.

"Mzee, una mzigo huo tu?"

"Huo tu, mama."

"Unakunywa pombe?"

"Nakunywa chai."

"Basi karibu. Viatu vya udongo unaviacha nje."

Chumba kilikuwa na kitanda, meza na dirisha moja lililofungwa. Niliketi kitandani, nikampigia Ndinda. Alipokea kwa mlio wa kwanza.

"Nimefika," nikasema.

"Nani amekuuliza?"

"Hakuna. Nakuambia tu. Niko nyuma ya soko, kwa mama Zuhura, chumba cha tatu. Nitakuja kwenu Jumapili ya pili ya mwezi."

"Leo sitaki kuongea na wewe."

"Sawa. Usiongee."

Hakukata simu. Niliiweka mezani ikiwa wazi, nikaanza kutoa nguo zangu kwenye gunia na kuzipanga, shati, shati, suruali. Nilimsikia akipumua. Nilimsikia akimwambia mtu afunge lango, kuku wanatoka.

"Kitanda kina neti?" akauliza.

"Hakina."

"Nunua leo kabla giza halijaingia. Huko kuna mbu. Na dirisha linaangalia wapi?"

"Sijui bado. Limefungwa."

"Si ulifungue."

Nikainuka, nikasukuma ubao, nikachungulia nje ili nimwambie.